Mzika Maiti Madhabahuni, Mwenye Hedhi Chini ya Mwembe

Jumapili ya meza ya Bwana nilichelewa ibada. Ningewahi nisingeona kitu. Nimeshuka kwenye bajaji, napandisha yale mawe yetu huku viatu nimevishika mkononi (wa Mwanza mnanielewa), nafika juu nawakuta wasichana wanne wa kwaya wamekaa nje chini ya mwembe, majoho yao meupe wameyakunja mapajani. Mmoja ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka 14.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona mko nje, mmefukuzwa?"

Akatazama vidole vya miguu. "Tuko kwenye siku zetu."

Kumbe mama mlezi wa kwaya asubuhi alipita safu kwa safu akiuliza. Aliye mwezini asisogelee madhabahu, asiguse meza, avue joho akae nje. Pale mwembeni wanapaki vijana wa bodaboda. Kwa hiyo jambo tulilofundishwa kulificha hata kwa baba mzazi, kanisa limelibandika kwenye ubao wa matangazo, na bodaboda wamelisoma.

Ndani wimbo ukaanza. Dirisha lilikuwa wazi. Nikaona midomo ya mtoto inacheza: anaimba sauti yake ya pili kwa chini chini, anaingia pale pale anapotakiwa kuingia, mtu akipita anaumeza mstari.

Baada ya ibada nikamfuata mzee wa kanisa. Akanijibu kwa upole, ule upole unaokera: "Ni Neno, dada yangu. Walawi 15." Haya. Nikarudi nyumbani nikaifungua hiyo Walawi 15.

Ni kweli, aya ya 19 inasema mwanamke atakuwa katika kutengwa kwake siku saba. Lakini panda juu kidogo, aya ya 16 mpaka 18. Mwanamume akitokwa na shahawa, aoge mwili wote, naye ni najisi hata jioni. Akilala na mkewe, wote wawili waoge, wote wawili ni najisi hata jioni. Sura ni ile ile, ukurasa ni ule ule. Sasa mbona mama mlezi hapiti upande wa besi akiuliza? Mpiga kinanda ana ndoa ya miezi minne. Nani amewahi kumuuliza Jumamosi alilalaje?

Hilo ni dogo. Lililonikalisha kitako ni Hesabu 19. Agusaye maiti ni najisi siku saba. Aingiaye hemani alimofia mtu, siku saba. Agusaye hata kaburi, siku saba. Idadi ni ile ile ya mwenye hedhi, haijapungua hata moja. Sasa nihesabu mwezi uliopita tumezika wangapi. Wazee wetu wa kanisa ndio wa kwanza kufika msibani, ndio wanaoshusha jeneza, ndio wanaochukua koleo. Jumamosi saa kumi mchungaji yuko makaburini, udongo umeshika kwenye soli za viatu, na Jumapili saa tatu asubuhi mikono hiyo hiyo inamega mkate, nasi tunaupokea tunasema amina. Kwa mizani ya mzee wangu, pale madhabahuni palitakiwa pabaki patupu, na chini ya mwembe tukose pa kukaa. Tena Hesabu 19 inadai maji yenye majivu ya ng'ombe jike mwekundu, unyunyiziwe siku ya tatu na ya saba. Huku Usukumani ng'ombe hatujakosa. Kama ni Neno, tuanze kuchinja.

Hatuanzi, kwa sababu kila mtu anajua kuzika si kosa. Kuzika ni utu. Na hapo ndipo wanapoteleza: katika torati, najisi si dhambi. Mwanamke wa aya ya 19 hakuandikiwa sadaka yoyote ya kutubu. Anasubiri siku zake ziishe, basi. Sadaka ya hua wawili au makinda ya njiwa inakuja mbele, kwa yule ambaye damu yake imepita wakati wake, yaani mgonjwa. Halafu unajisi wote huo ulihusu hasa kuingia patakatifu, kwenye maskani (lile hema la ibada la jangwani) na baadaye hekaluni, na hekalu Warumi walilibomoa mwaka 70. Sisi tuna bati na viti vya plastiki.

Sura nne nyuma, Walawi 11, inakataza samaki asiye na magamba. Mzee wangu na kambare mnawajua. Wasabato nitawapa haki yao shingo upande: wao angalau kambare hawali.

Na ubishi wenyewe si wa jana. Karne ya tatu Dionisio, askofu wa Aleksandria, aliandika kwamba mwanamke mwenye hedhi asiisogelee meza takatifu, kwa hiyo mzee wangu ana wa kumshika mkono. Lakini mnamo mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza alimjibu Agostino, mmisionari aliyemtuma Uingereza: asizuiwe kuingia kanisani, wala kupokea meza ya Bwana. Hoja yake ilikuwa yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Kama yeye aligusa vazi la Bwana akasifiwa, kwa nini huyu azuiwe? Gregori aliongeza kwamba mwanamke akijizuia mwenyewe kwa heshima, naye asifiwe. Sawa. Ajizuie mwenyewe. Hakusema apitiwe safu kwa safu.

Mimi nadhani hii haikutoka Walawi hata kidogo. Imetoka mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakoegesha. Marehemu baba alikuwa na mtumbwi, na mama akiwa kwenye siku zake hakuvuka wavu wala kukanyaga mtumbwi, eti samaki watakimbia. Siku wakirudi na ndoo nusu, maswali yalianzia jikoni. Lakini baba hakuwahi kutudanganya kwamba hiyo ni Biblia. Aliita mwiko, tukajua ni mwiko. Kanisa limeuokota mwiko ule ule, limeuvalisha tai.

Mama mlezi si mtu mbaya, niseme tu. Amekua enzi za vitambaa, anajua kuinuka kwenye benchi na kugeuka kuangalia ulipokaa, na joho jeupe halisamehe. Kama hofu ni doa, shoneni majoho ya rangi ya zambarau iliyokolea, nitachangia mita kumi. Na mchango mwingine uende kwenye pedi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018 ikairudisha mwaka 2019, na mimbarini sikusikia hata neno moja.

Marko 5 tumeihubiri mpaka kurasa zimechakaa, lakini huwa tunahubiri uponyaji tu. Mwanamke yule alijipenyeza nyuma ya watu. Alitaka kugusa na kuondoka. Ni Yesu aliyesimamisha msafara mzima, akauliza nani amenigusa, na mbele ya umati ule akamwita Binti. Hakurudi nyuma hatua moja, wala hakwenda kujitakasa. Alikuwa njiani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa na miaka 12, na alipofika akamshika maiti yule mkono. Damu na maiti, siku moja, kwa mikono ile ile.

Nilikuwa nimepanga kumweleza mtoto haya yote. Jumatano akaja kwangu, akanikuta nyuma ya nyumba naparua sato, magamba yamenirukia hadi kwenye nyusi. Akachukua kisu cha pili, akaanza kumpasua wa kwake bila kusema kitu. Alipofika kwenye mapezi ndipo akasema, bado anamtazama samaki:

"Shangazi, tamasha la kwaya ni tarehe 14. Nimehesabu, itaniangukia. Hivi famasi kuna vidonge vya kuisogeza?"