Nani Amefariki?

Leo nimeshukia Muthurwa nikatembea mpaka Moi Avenue kwa goti hili bovu, na sitaki kuulizwa swali.

Gari la Buruburu, spika iko chini ya kiti changu. Si karibu: chini. Besi ikigonga, figo zinaitikia. Nilivumilia mpaka Hamza, ndipo nikasema, kwa heshima ya mtu aliyevaa koti: "Kijana, punguza kidogo. Huu si muziki."

Kondakta akanicheki. "Basi weka wako, mzee. Unganisha simu tusikie."

Ningekataa, lakini gari zima lilikuwa limenigeukia. Na mimi ujana wangu niliumaliza na Rolling Stones, nikidhani ule mlio ni wa Waingereza, hadi nilipojua kwamba hata jina la bendi, 1962, walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters. Mweusi wa mashamba ya pamba ya Mississippi, aliyepanda treni 1943 kwenda Chicago kutafuta kibarua, kama babangu alivyokuja Industrial Area. Vilabu vya kule vina kelele, gitaa kavu halisikiki, akachukua la umeme. Ndiyo bluzi hiyo: mzunguko wa baa 12, yaani vipande vya mdundo, na kodi tatu. Za gitaa, jamani. Za serikali hakuna anayezimaliza kuhesabu.

Nikamweka Muddy. Gari kimya. Nikafumba macho.

Mama mmoja mwenye kuku ndani ya kiondo akaniinamia. "Pole sana, baba. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, mama. Ni bluzi."

"Usijikaze. Lia tu."

Kutoka nyuma ikaja noti ya hamsini, mkono kwa mkono, mpaka mapajani mwangu. Ikafuata ya mia. Tukifika City Stadium nilikuwa na 230 na mtu anauliza mazishi ni lini. Nikasimama, kichwa kikigonga paa, nikaanza kuwafafanulia kwamba huyu si wa matanga, kwamba B.B. King mwenyewe, gwiji mwingine wa bluzi, alifika Kinshasa 1974, wakati ule wa ngumi za Ali na Foreman... Simu ikalia. Nikabonyeza ikatike; ikashika. Spika zote nane: "Baba Kevo! Tokeni za stima zimeisha, na landilodi amesimama hapa mlangoni! Unajificha wapi?"

Mama wa kuku akatikisa kichwa. "Ee Mungu, heri ingekuwa mazishi."

Nikashuka. Zile 230 nimenunua tokeni, msinitazame hivyo.

Kinyozi wangu naye jana aliniuliza kama bluzi ni ile ya kike. Na kanda zangu, ambazo nilikuwa nazizungusha kwa biro ili kuokoa betri, ziko Machakos: mama mkwe amezing'oa utepe wote akaufunga shambani kufukuza ndege wa mtama. Jumapili nilikwenda kuona. Unang'aa vizuri, unavuma kwa upepo. Ndege wamekaa juu yake.