GeneXpert imefika, mikroskopi tuiache?

Hapa Goma ubishi huu hauishi kwa watu wa labo. Wamoja wanasema kufundisha stajie (mwanafunzi wa labo) kupaka makohozi kwenye lami, kile kioo chembamba, na kukaa kwenye mikroskopi ni kumpotezea muda, GeneXpert, mashini inayotafuta DNA ya TB, inatoa jibu chini ya masaa 2 na inasema hapo hapo kama rifampisini, dawa kubwa ya TB, haitafanya kazi. Wengine wanasema laborantini asiyejua mikroskopi si laborantini.

Wale wa kwanza wana haki kubwa, tusibishe bure. Ili uone bacili, vijidudu vya TB, kwa mikroskopi, makohozi yanapaswa kuwa nazo kama 5,000 mpaka 10,000 kwa mililita, mashini inanasa hata karibu 130. Kwa mtoto ao mtu mwenye VVU, ambao mara nyingi wanatoa bacili chache, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama mtu anapewa dawa ama anarudishwa nyumbani na kikohozi chake. OMS, Shirika la Afya Duniani, iliikubali tangu 2010, na wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 hapa Kivu ya Kaskazini tulipimwa na mashini hiyo hiyo, katuchi tu, kale kachupa ka kipimo kanakoingizwa ndani yake, ndiyo ilikuwa ingine.

Lakini katuchi zinaisha, umeme unakatika, na tena mashini inasoma DNA hata ya bacili iliyokufa, kwa hiyo mgonjwa akimaliza mwezi wa 2 wa dawa ukitaka kujua kama anaendelea vizuri unarudi kwenye lami. Na GE (tone nene la damu) ya malaria je, ukitaka kuhesabu vimelea utahesabu na nini?

Mimi naona tunabishana juu ya vyombo wakati shida iko kwenye mkono. Angalia chupa ya mafuta ya imersio, yale unayotonesha juu ya lami ili uone vizuri: stajie anaharakisha, ncha inagusa makohozi yaliyokauka kwenye lami, anairudisha ndani ya chupa, na lami ya mgonjwa anayefuata inapokea bacili za mwenzake, mtu asiye na TB anaanzishwa dawa za miezi 6. Tone linapaswa kuanguka lenyewe, ncha isiguse kitu. Maji ya kusuuzia pia, hapa wengi tunachota ziwani, yanaweza kuwa na mikobakteria za mazingira ambazo nazo zinashika fuksini, rangi ya kupakia bacili, na kubaki nyekundu, bora maji yaliyochujwa ao distile. Na GeneXpert haikuokoi na hayo yote, bado unafungua kopo la makohozi, unamwagia dawa ya kuyayeyusha, unatikisa, unangoja dakika 15, na ukifungua vibaya hewa ya chumba inachafuka na wewe ndiye unaivuta.

Kwa hiyo mgonjwa mpya apimwe na mashini ikiwepo, hapo sina ubishi, ila stajie aanze na lami. Lakini wanaotetea mikroskopi nao wajibu hili: darasa la watu 40 kwenye mikroskopi moja, kila mtu anachungulia dakika moja na kusema nimeona, hayo si mafundisho! Chukueni vikundi vidogo, na siku ya mtihani mpeni stajie lami isiyo na bacili bila kumwambia, apitie viwanja 100 (sehemu 100 za lami anazoona kwenye mikroskopi) mbele ya kuandika negatifu. Akisimama kwenye 20, arudie staji.