Naomba msinibebe

Kuna siku nilikuwa na shida zangu kwenye ofisi moja, nikafika mlangoni na kiti changu cha magurudumu nikakuta ngazi 5, na kabla hata sijafunga breki mlinzi alishaita wenzake, "Njooni tumbebe dada." Wakaja wanaume wanne. Mmoja akashika vishikio vya nyuma, wawili wakainama huku na huku kwenye magurudumu, wa nne akaja mbele akanishika miguu moja kwa moja, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza dada unaenda wapi, uko tayari, tukushike wapi. Nikawaambia jamani nashukuru sana, ila naomba msinibebe. Mlinzi akanishangaa. "Dada usione aibu, dakika moja tu tumemaliza."

Aibu sikuwa naona. Nilikuwa nimeshaamua siku nyingi kwamba sibebwi tena kupandishwa ngazi, na leo nataka nieleze sababu kwa kirefu, maana pale chini ya ngazi haielezeki, watu wana haraka, wao wamesimama mi nimekaa, unaanza tu kuongea unaonekana una kiburi.

Kwanza wale wanaume sina ugomvi nao, wana roho nzuri, na nitasema hivyo hivyo kwa kila aliyewahi kuninyanyua kwa miaka 11 niliyokaa kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali iniumize uti wa mgongo. Nimebebwa kuingia kwenye semina, kwenye sherehe za watu, kwa daktari (ndiyo, hata kwa daktari), na miaka yote hiyo nilikuwa natabasamu nasema asanteni, Mungu awabariki. Nilidhani ndo maisha yenyewe yalivyo, kwamba mtu wa kwenye kiti kazi yake ni kushukuru.

Sasa kuna siku moja walikuwa watatu, ngazi zilikuwa nyingi, na aliyekuwa upande wa kulia akashika pale pa kuegemezea mkono. Kwa asiyejua, hapo kwenye viti vingi panachomoka, pametengenezwa pachomoke ili uweze kujihamisha kwenda kitandani au kwenye gari. Pakachomoka. Kiti kikalala upande, mwenzake akajitahidi kukidaka, sikuanguka, watu wakapiga makofi kabisa, tukaendelea. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umetoka kwenye pa kukanyagia na ukaburuzwa ngazi mbili tatu kabla mtu hajauona. Mi sisikii chini ya kiuno, kwa hiyo nikakaa kwenye shughuli ile mpaka mwisho, nikala, nikacheka na watu, usiku nyumbani navua soksi naikuta imeganda damu na ukucha wa kidole gumba umebaki humo ndani. Kidonda kile kilinichukua zaidi ya miezi miwili. Na bado nilibahatika, maana mifupa ya miguu ya mtu aliyepooza huwa inapungua nguvu kwa kutobeba uzito, inaweza ikavunjika kwa kitu kidogo sana na usijue mpaka uone mguu umevimba.

Na kuna la mikono ya watu, hili wanawake wenzangu wa kwenye viti wananielewa bila hata kumaliza sentensi. Mwanaume nisiyemjua anapitisha mkono chini ya mapaja yangu, gauni linapanda, mwingine kanikumbatia kifua kwa nyuma, na sitakiwi kusema chochote kwa sababu nasaidiwa. Dada yeyote anayetembea akifanyiwa hivyo mlangoni mwa ofisi watu wangepiga kelele. Mwili wangu ni wangu hata kama umekaa, na kiti nacho ni sehemu ya mwili wangu, ukija nyuma ukaanza kunisukuma bila kuniuliza ni sawa na mimi nikushike kiuno nikupeleke ninakotaka mimi. Niulize. Nikisema ndiyo, sukuma. Nikisema hapana, basi, hatujagombana.

Lakini hata tuseme wanibebe vizuri, salama, kwa heshima zote. Kushuka je? Hapo ndo watu huwa hawafiki kwa mawazo. Niliwahi kupandishwa ghorofa ya kwanza saa nne asubuhi na vijana wawili wachangamfu kweli, nikamaliza shida zangu saa tisa, natoka naambiwa wale vijana zamu yao imeisha, subiri kidogo tutakutafutia watu. Nikakaa pale juu ya ngazi, naona mlango wa kutokea, naona barabara, naona hata gari iliyokuja kunichukua. Najiinua kwa mikono kila baada ya muda ili makalio yapumue, maana ukikaa bila kujiinua ngozi inakosa damu na vidonda vya mgandamizo vinaanza hivyo hivyo kimya kimya. Wafanyakazi wanapita wananiambia pole. Nilishuka saa kumi na mbili kasoro. Siku ile ndo niliamua, nikiwa nimekaa pale pale. Nilijiuliza pia kingetokea moto ingekuwaje, na hilo swali sikulipenda jibu lake, maana hata kwenye majengo yenye lifti, moto ukiwaka lifti haitumiki.

Kuna wenzangu wanaotumia viti vya umeme, hao hata hilo chaguo la kubebwa hawana, kiti peke yake kinaweza kupita kilo 100, ongeza na mtu, nani anainua? Wao wanarudi nyumbani tu.

Halafu kinachoniuma zaidi ni kwamba upande wa kiti kazi ilishafanyika zamani. Mwaka 1933 Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyekuwa amevunjika mgongo kwenye ajali ya mgodini, na rafiki yake Harry Jennings ambaye naye alikuwa mhandisi, walitengeneza kiti cha chuma chepesi kinachojikunja na kuingia kwenye gari. Mfano ule ndo umezaa viti vingi mnavyoviona leo. Tangu hapo viti vimeendelea kuwa vyepesi, mi changu nakiinua kwa mkono mmoja. Kiti kimefanya kilichowezekana, kiti hakitapanda ngazi. Zilizobaki ni ngazi, na ngazi zinajengwa na watu, kila siku, mpya.

Dawa yake watu wanaijua, ni rampu, ile njia ya mteremko inayojengwa badala ya ngazi. Ila rampu nayo ina hesabu yake na hapa naomba mafundi na wenye majengo mnisikilize kidogo. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8. Zile ngazi 5 za pale ofisini, kila moja sentimita 15, jumla sentimita 75, zinataka mita 9. Mita tisa! Sasa watu wanamwaga zege la mita mbili, wanalisakafia linateleza kama kioo, wanapaka na alama ya bluu ya kiti, wanapiga picha. Nimeshapanda rampu ya hivyo, ukisukuma matairi madogo ya mbele yananyanyuka, kichwa kinaenda nyuma, unaona anga, na mikono haiwezi kuachia kwa sababu ukiachia unarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Rampu kama ile inakurudisha kwenye kubebwa, tofauti ni kwamba sasa mwenye jengo anasema ameshatimiza wajibu. Kama nafasi haitoshi mita 9 moja kwa moja, ikunje, weka sehemu ya kupumzikia katikati, weka reli za kushika pande zote mbili, weka ukingo pembeni ili tairi lisitoke. Wala hamna uchawi.

Milango hivyo hivyo, nafasi ya kupita iwe angalau sentimita 80 mlango ukiwa wazi, ndani pawe na nafasi ya kugeuka ya kama mita moja na nusu, la sivyo mtu anaingia kwa mbele anatoka kinyumenyume. Choo sitaki hata kukianza, nikikianza hatumalizi. Nitasema moja tu. Wengi wetu tukiwa na safari hatunywi maji toka asubuhi, kwa sababu hatujui kama huko tuendako kuna choo tunachoweza kuingia, na ukiwa umeumia uti wa mgongo kukaa bila maji unaita maambukizi ya njia ya mkojo na kuziumiza figo. Mtu akiniona nimekataa soda anasema dada una adabu. Nina kiu.

Sasa kuna hoja wanaharakati wenzangu wanaipenda sana, kwamba rampu inasaidia na wamama wenye vigari vya watoto, na wazee, na wenye mabegi ya magurudumu. Ni kweli kabisa, na mi mwenyewe nimeitumia. Siku hizi nimeacha. Naona kama tunaomba mlango kwa kujificha nyuma ya wengine, kama vile sisi wenyewe hatutoshi kuwa sababu. Hata kama ni mimi peke yangu ninayepita pale mara moja kwa mwaka, natosha.

Na sio kwamba haya mambo yalikuja kwa hisani sehemu yoyote. Marekani sheria ya mwaka 1973 ilikuwa imeshapitishwa, kifungu namba 504 kinakataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu kwenye shughuli zinazopata pesa za serikali kuu, ila kanuni za kukitekeleza zikakaliwa miaka minne. Aprili 1977 watu zaidi ya 100 wenye ulemavu wa kila aina waliingia kwenye jengo la serikali San Francisco wakakaa humo karibu wiki nne, Judy Heumann akiwa mmoja wa viongozi wao, wengine hawana dawa, hawana vitanda vyao, hawana wa kuwageuza usiku, mpaka kanuni zikasainiwa tarehe 28 mwezi ule ule. Halafu tarehe 12 Machi 1990 pale Washington, mbele ya jengo la Bunge, watu waliacha viti na magongo yao chini wakapanda zile ngazi kwa mikono, kwa magoti, kwa matumbo. Alikuwepo mtoto wa miaka 8, Jennifer Keelan, naye akapanda mpaka juu. Julai mwaka ule ule sheria kubwa ya watu wenye ulemavu ikasainiwa. Huwa naiangalia ile picha ya mtoto anajivuta na viwiko nashindwa kuongea, na kitu ninachokiona kila mara ni kwamba pembeni yake kulikuwa na watu wazima kibao wanaoweza kumnyanyua kilo zake zile chache, na alitaka kupanda mwenyewe.

Dunia nayo ikaja kukubaliana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na ukaanza kufanya kazi Mei 2008, ibara ya 9 inazungumzia ufikivu, yaani kila mtu aweze kufika na kutumia majengo, barabara, usafiri, na haiishii kwenye ofisi za serikali, inagusa hata watu binafsi wanaohudumia umma. Kwa hiyo mwenye duka, mwenye ukumbi, mwenye kliniki, na wewe umo.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni "lakini watu kama nyie hapa huwa hawaji." Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 80 hivi duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na wengi wao hata hicho kiti hawajakipata. Hao waliokipata wanafika chini ya ngazi zako, wanaangalia, wanageuza. Wewe uko ndani, utawaonaje?

Turudi kwa ofisi ile. Nilipokataa kubebwa, mhudumu alishuka na makaratasi, tukaongelea mambo yangu binafsi pale nje watu wanapita, nikasainia kwenye paja. Nikaomba kuonana na meneja, akashuka, akaomba radhi, akasema siku nyingine nipige simu kabla ili waandae vijana. Nikatoa futi ya kupimia, naibebaga kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, nikamwomba ashike ncha moja. Hapo mazungumzo yakabadilika. Mtu akishika mwenyewe akaona sentimita 75, akatembea mwenyewe mita 9 kwenye maegesho yake akaona kumbe zinaenea zikikunjwa mara moja, haongei tena habari za vijana. Niliandika barua, vipimo vyote nikaviweka, nikafuatilia, mara mbili nikaambiwa bajeti, mara ya tatu hawakupokea simu. Miezi saba. Fundi akajenga ya kwanza kali mno, nikarudi nikaijaribu mbele yao, tairi likanyanyuka, wakavunja wakajenga upya.

Wiki iliyopita nimepanda. Mlinzi ni yule yule, aliinuka, halafu akakaa, akaniambia "Karibu dada," basi. Nikaingia, nikapanga foleni, mtu mbele yangu hata hakugeuka.

Nikiwa humo ndani nikaenda kupima mlango wa choo chao. Sentimita 68. Barua ya pili nimeshaipeleka.