Aliambiwa nini, akatuambia nini? Kiongozi na vita vya uhakika wa kupikwa

Kila jina la Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya Iraq vya 2003, linapotajwa pamoja na Iraq, iwe redioni au kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mwanza, wanaotaka viongozi wawajibishwe hupachikwa sura moja: watu wa hasira, wanaotaka kumwona mzee wa miaka sabini na kitu akipandishwa kizimbani The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Wakishavikwa sura hiyo, kuwajibu ni kazi nyepesi. Vita ni uamuzi mgumu. Taarifa za kijasusi hazijawahi kukamilika. Rais anayewaza jela hawezi kulinda mipaka. Basi, mada inafungwa na watu wanahamia kwenye Simba na Yanga.

Naona upande huu haujasikilizwa vizuri. Wengi wao hawana haja na pingu. Wanachodai ni karatasi: nani alijua nini, tarehe ngapi, na kwa nini alichoambiwa ofisini sicho alichotuambia sisi jukwaani.

Hata hivyo upande wa pili tuutendee haki, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa, maana tunajua nchi kuvamiwa kukoje. Oktoba 30, 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Radio Uganda ikatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu akalihutubia taifa: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Hebu mfikirie siku ile akiwa na mwanasheria pembeni anayemnong'oneza kwamba kila neno lake litapimwa mahakamani miaka ishirini baadaye. Angesema nini? Pengine angesubiri tume, na wakati tume inaandika, watu wa Kyaka na Mutukula wangeendelea kuchinjwa.

Wanasema pia kwamba kiongozi mbaya asiyeachiwa mlango wa kutokea hung'ang'ania hadi nyumba ya mwisho iungue. Amin aliukuta mlango. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, yeye akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, na akafia Jeddah Agosti 16, 2003 bila kuulizwa swali hata moja na hakimu. Inauma, lakini angalau aliondoka. Na katika nchi zenye uchaguzi wa kweli, wapo wanaosema wapigakura ndio hakimu: Rais Bush wa Marekani alichaguliwa tena Novemba 2004, Blair akashinda tena Mei 2005.

Hoja hizi nazikubali karibu zote. Tatizo ni kwamba zinamtetea kiongozi aliyekosea, wakati malalamiko yanamhusu aliyepotosha. Kukosea tunakufahamu vizuri. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mama mmoja wa Kirumba, aliyekuwa binti wakati huo, hukumbuka mche wa sabuni ukikatwa vipande kwa uzi, kila jirani na chake, na vipande vikizidi kuwa vyembamba mwaka hadi mwaka. Miezi 18 iliisha zamani, foleni zikaendelea hadi miaka ya themanini. Vita viligharimu kiasi cha dola milioni 500, mafuta yakapanda bei duniani mwaka ule ule, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika 1977. Hesabu ya Mwalimu haikutimia, ila sijamsikia mtu Kirumba akimwita mwongo kwa ajili hiyo. Watu wanajua tofauti.

Sasa tazama Uingereza. Machi 2002 Kamati ya Pamoja ya Ujasusi iliandika kwamba taarifa ilizonazo kuhusu silaha za maangamizi za Iraq ni za hapa na pale, zenye viraka. Septemba 24 mwaka huo huo serikali ikatoa kijitabu kwa umma, na kwenye dibaji Blair akaandika kwamba ujasusi umethibitisha bila shaka yoyote kuwa Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, anaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za kibayolojia. Siku hiyo hiyo akaliambia Bunge kwamba ujasusi huo ni mpana, wa kina na wa kuaminika.

Zisome sentensi hizo mbili pamoja, ya Machi na ya Septemba. Kati yake kuna miezi sita. Katika miezi hiyo viraka viligeuka kuwa "bila shaka yoyote", na jeshi lilipoingia Iraq Machi 2003 halikukuta maghala yoyote ya silaha hizo. Tume ya Sir John Chilcot, iliyochunguza jinsi Uingereza ilivyoingia vitani Iraq, ilipotoa ripoti yake Julai 6, 2016 haikusema Blair alidanganya. Ilisema tathmini za tishio ziliwasilishwa kwa uhakika usiokuwa na msingi. Watetezi wake waliishika kauli hiyo kama hati ya kumsafisha. Mimi naisoma kinyume. Nahodha wa boti ya Ukerewe akiambiwa na watu wa hali ya hewa kwamba upepo huenda ukawa mkali, akawatangazia abiria kwamba ziwa ni shwari kabisa, hatumuulizi kama aliutengeneza upepo. Tunamuuliza ile "huenda" aliipeleka wapi.

Kuna karatasi nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Julai 28, 2002 Blair alimwandikia Bush waraka wa siri unaoanza kwa maneno yenye maana ya "nitakuwa nawe, hata iweje". Bunge la Uingereza lilipiga kura kuhusu vita Machi 18, 2003: 412 wakaunga mkono, 149 wakakataa. Wabunge wale 412 waliingia ukumbini wakiamini kwamba wao ndio wanaoamua. Hawakujua kwamba karibu miezi minane kabla yao ahadi ilikuwa imeshavuka bahari. Wapigakura wa Mei 2005 nao hawakuwa wameusoma waraka ule. Umma uliusoma kwa mara ya kwanza mwaka 2016, miaka 13 baada ya mabomu ya kwanza kuanguka Baghdad. Kwa hiyo ile hoja kwamba wapigakura ni hakimu wa kutosha naipokea kwa sharti moja, hakimu aletewe ushahidi kabla ya hukumu. Hapa aliletewa miaka 11 baada ya hukumu, wakati askari 179 wa Uingereza walishazikwa, pamoja na Wairaki wasiopungua 150,000 kufikia katikati ya 2009 kwa hesabu ya Chilcot mwenyewe, wengi wao raia.

Blair alijibu kwamba anasikitika kwa makosa yaliyofanyika, kwamba hakukuwa na uongo, na kwamba angerudishwa siku ile angeamua vile vile. Mwishoni mwa Desemba 2021 akatangazwa Sir Tony, kwa nishani ya juu kabisa ya kifalme. Watu zaidi ya milioni moja walitia saini kupinga. Haikusaidia kitu.

Je, sheria inasemaje? Mwaka 2017 jenerali mmoja wa zamani wa Iraq alijaribu kufungua mashtaka London dhidi ya Blair, na Mahakama Kuu ikamjibu kwamba kosa la kuanzisha vita vya uchokozi halimo katika sheria za Uingereza. Upande wa kimataifa, habari inaturudisha kwenye ziwa letu. Ni Munyonyo, pale Kampala, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, ambako Juni 11, 2010 nchi wanachama wa Mkataba wa Roma, ulioanzisha mahakama ile ya The Hague, zilikubaliana maana ya kosa la uchokozi: kiongozi mwenye mamlaka juu ya dola au jeshi akipanga au kuanzisha vita vinavyokiuka waziwazi Mkataba wa Umoja wa Mataifa, anaweza kushtakiwa yeye binafsi. Mamlaka ya mahakama hiyo juu ya kosa hilo yalianza kufanya kazi Julai 17, 2018 na hayarudi nyuma, kwa hiyo Iraq imepita.

Lakini hata yangerudi nyuma, uangalie ufafanuzi wa Munyonyo unamlinda nani. Unailinda nchi iliyovamiwa. Raia wa nchi iliyovamia, aliyedanganywa ili amtoe mwanawe, hamo. Kiongozi anaweza kuwadanganya watu wake mchana kweupe, na ikiwa vita vyenyewe vina kibali cha Umoja wa Mataifa, mahakama hiyo haina la kumuuliza. Ndiyo maana wanaong'ang'ania The Hague peke yake nadhani wanabisha hodi nyumba isiyo na mwenyewe.

Na aliyedanganywa huwa yupo kweli. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kupiga maghala ya mafuta hapa Mwanza. Ikakosa, roketi zake zikaangukia kisiwa cha Saanane, zikaua swala. Hapa mjini huwa tunaisimulia kwa kicheko. Lakini vijana wa Kilibya waliopelekwa Uganda kumwokoa Amin walikufa kwa mamia, na baadhi yao waliambiwa wanakwenda mazoezini. Gaddafi hakuwahi kuulizwa na wazazi wao, na sioni kifungu chochote cha mkataba ambacho kingewapa nafasi ya kumuuliza.

Hata sisi tusijifanye watakatifu. Tuliambiwa tunamfukuza nduli kutoka kwenye ardhi yetu, na ni kweli. Baadaye lengo likasonga hadi Masaka, kisha Kampala, huku serikali ikisisitiza kwamba kuna vita viwili tofauti, vya Watanzania kulinda mpaka wao na vya Waganda kumng'oa dikteta wao. Aliyekuwa mstari wa mbele alijua ni vita kimoja. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kwenda Kampala kulikuwa sahihi, lakini usahihi wa safari haufuti swali la abiria waliambiwa wanashuka kituo gani. Swali hilo liliulizwa Monrovia, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa Julai 1979, ambako Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimbana Mwalimu, na Tanzania ikaenda na maelezo yake ya maandishi. Kuulizwa hakukumpunguzia Mwalimu kitu. Inasikitisha tu kwamba waliouliza walikuwa marais wa nje, si Bunge letu.

Wanaosema uwajibikaji ni kisasi wanasahau pia tulichofanya wenyewe, tena kwa jambo lililotokea hapa hapa. Washukiwa waliteswa wakafa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hakuwa amemgusa mtu. Hakuna mahakama iliyomwita. Alisema tu, kwa kitendo, kwamba yaliyotokea yako chini ya dhamana yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Nikiwasikia wanaodai kwamba kiongozi akiwajibishwa basi amemalizwa, na kwamba kwa hofu hiyo hakuna atakayethubutu kuamua, huwa namfikiria Mzee Mwinyi. Uingereza mtu aliyefanya kitu cha karibu na hicho alikuwa Robin Cook, waziri katika serikali ya Blair, aliyejiuzulu Machi 17, 2003, tena yeye ndiye aliyekuwa akipinga vita.

Kwetu leo mambo yamekaaje? Katiba, Ibara ya 46, inamkinga aliyekuwa Rais asishtakiwe kwa jinai wala madai kwa alichofanya kama Rais, isipokuwa aliyeondolewa na Bunge kwa utaratibu wa Ibara ya 46A. Wapo wanaotaka kinga hiyo ifutwe. Mimi sina haraka nayo, kwa sababu zile zile za Novemba 1978. Ninayoiangalia zaidi ni Ibara ya 44. Inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, na kumtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, ambaye ndani ya siku 14 ataitisha Bunge liamue kuunga mkono au kutounga mkono. Nakala ya tangazo, basi. Haidai taarifa za kijasusi zilizomfikisha Rais hapo, wala mashaka ya walioziandaa. Wabunge wetu wangekaa pale walipokaa wale 412.

Siku mchakato wa Katiba ukirudi mezani, kifungu hicho kinaweza kuongezwa maneno machache. Rais apeleke pia tathmini ya wataalamu kama walivyoiandika, pamoja na zile "huenda" zao, isomwe na wabunge kwa kikao cha siri ikibidi, kisha itunzwe na kufunguliwa kwa umma baada ya muda uliotajwa kisheria. Watakaosema siri zitavuja wana hoja, ndiyo maana kikao kiwe cha siri. Muda wenyewe ndio wa kubishania. Mimi ningesema miaka kumi, kwa kuwa ikizidi hapo aliyetangaza vita atakuwa amestaafu au amefariki, na wa kumuuliza hatakuwapo.