Hatuna Bahari, Kwa Hiyo Kaa Hawatuhusu?

Juma lililopita, katika kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma sekondari pamoja, mwenzetu mmoja alileta habari ya Dulcibella camanchaca, mnyama mweupe mwenye umbo la uduvi, jamaa wa mbali wa kaa, aliyepewa jina mwaka 2024 baada ya kunaswa katika Mfereji wa Atacama, mita 7,902 chini ya uso wa bahari. Ana urefu wa sentimita nne hivi, ni mwindaji, na jina lake la pili lina maana ya giza katika lugha za watu wa milima ya Andes. Sikuwa nimemaliza kusoma wakati ndugu yetu anayeuza mabati, ambaye tangu apate ghorofa yake ya kwanza ana maoni juu ya kila jambo, alipoandika: "Wazungu wana pesa za kuchezea. Sisi Uganda hata bahari hatuna." Vikafuata vikaragosi kumi na vitatu vya kucheka. Nilivihesabu.

Nilijizuia kujibu humo kundini, kwa kuwa mabishano ya kundi hilo huishia kwenye siasa kabla ya saa nne usiku. Ninajibu hapa. Kwanza, mnyama huyo alinaswa mwaka 2023 katika msafara wa Wachile, waliokwenda kwa meli yao wenyewe kuchunguza shimo la bahari lililo mbele ya pwani yao, na mmoja wa wanasayansi wawili waliouongoza uchunguzi huo, Carolina González, anafanya kazi katika taasisi ya Chile. Hao "Wazungu wenye pesa za kuchezea" ni watu wa nchi iliyoamua kujua kilichomo katika maji yake. Hilo nimelimaliza.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni neno "kugundua". Habari za namna hii hutuletea picha ya nyambizi, taa kali na mkono wa chuma unaonyanyua kitu kutoka gizani, halafu tunaambiwa kwamba spishi mpya imegunduliwa, kana kwamba mnyama alipanda juu akiwa na kitambulisho shingoni. Kunasa ni kazi ya siku moja. Kujua umenasa nini ndiyo kazi yenyewe, nayo hufanyika mezani, mbali kabisa na maji, na mtu aliyeinamia hadubini akiwa na kibano, penseli na rundo la maandishi ya waliomtangulia, ambayo anapaswa kuyafuatilia hadi mwaka 1758, mwaka ambao majina ya wanyama huanza kuhesabiwa.

Chukueni kisa cha meli ya utafiti ya Marekani iliyoitwa Albatross. Mwaka 1908 ilivua karibu na Ufilipino mnyama mmoja, mmoja tu, anayefanana kidogo na kamba miti. Akatiwa chupani, akafikishwa Smithsonian, makumbusho ya Marekani, akawekwa rafuni. Vita viwili vya dunia vikapita. Uganda ikapata uhuru, ikapinduliwa, sarafu ikabadilishwa, naye bado yuko rafuni. Ilipofika mwaka 1975 ndipo Wafaransa wawili, Jacques Forest na Michèle de Saint Laurent, walipomchunguza na kutambua kwamba ni wa kundi ambalo ilidhaniwa limekwisha kutoweka duniani miaka milioni 50 iliyopita. Wakamwita Neoglyphea inopinata, yaani asiyetarajiwa. Asiyetarajiwa na nani, jamani? Alikuwa humo chupani miaka 67, kila aliyefungua kabati angeweza kumwona. Bahari ilikuwa imekwisha fanya sehemu yake tangu 1908, na kilichokosekana muda wote huo ni jicho lililofunzwa.

Na msidhani kwamba kisa hicho ni cha pekee. Benoît Fontaine na wenzake wawili walichapisha mwaka 2012 hesabu ya muda unaopita tangu sampuli inapokusanywa hadi inapotangazwa kuwa spishi mpya, nao wakapata wastani wa miaka 21, kwa viumbe wa kila aina. Mtoto anazaliwa, anasoma, anamaliza chuo, na chupa bado ina lebo isiyo na jina. Huyu wa Atacama aliyepata jina katika muda wa mwaka mmoja hivi alikuwa na bahati ambayo wengi hawaipati, na bahati yenyewe ni kwamba walikuwepo watu wanaowajua jamaa zake kiasi cha kusema, bila kusitasita, kwamba huyu si mmoja wao.

Watu huniuliza kwa nini kazi hiyo ichukue muda mrefu. Ni kwa sababu mnyama wa kundi hili la kaa, kamba na uduvi amejaa viungo. Mtaalamu humfungua mnyama mwenye urefu wa kidole gumba kiungo kimoja kimoja, miguu, taya, mikono ya kushikia, akaweka kila kimoja juu ya kioo chake, akakichora, akahesabu vinyweleo na miiba midogo, kisha akalinganisha na kila ndugu anayejulikana. Siku hizi hupima pia DNA, na wako wanaodhani kwamba mashine hiyo imemaliza kazi. Mashine itakuambia kwamba huyu anatofautiana na wale waliomo katika orodha. Ikiwa waliomo katika orodha waliandikwa majina yasiyo yao, itakujibu upuuzi kwa uhakika mkubwa. Baada ya hapo huchaguliwa holotaipu, ile sampuli moja ambayo jina hufungwa kwake daima, ikahifadhiwa mahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuifikia, na maelezo yakachapishwa. Kabla ya hayo yote, mnyama hana jina, na asiye na jina ni vigumu kuingia katika sheria ya uvuvi au katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Kama mnadhani hayo ni anasa, waulizeni wanaofuga kaa wa mikoko. Kwa miaka mingi kaa hao walirundikwa chini ya jina moja, Scylla serrata, hadi mwaka 1998 Keenan, Davie na Mann walipoonyesha kwamba ni spishi nne, ambazo hazipevuki kwa ukubwa mmoja. Basi aliyesoma mwongozo wa nchi nyingine na kuupeleka bandani kwake alikuwa pengine anamfuga mnyama tofauti na yule aliyeandikiwa mwongozo. Huyu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki ndiye aliyebaki na jina la zamani.

Jina nalo linaweza kuwa shtaka. Mwaka 2020 mnyama mwingine wa kina kirefu, aliyenaswa zaidi ya mita 6,000 chini katika Mfereji wa Mariana, aliitwa Eurythenes plasticus kwa sababu tumboni mwake ilikutwa nyuzi ya plastiki. Hakuna mwanadamu aliyekuwa anamfahamu, na takataka zetu zilikwisha mfikia.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu najua muuza mabati atasema bado nazungumzia bahari za watu. Mwaka 2017 Neil Cumberlidge wa Marekani na Paul Clark wa jumba la makumbusho ya viumbe la London walieleza spishi tatu mpya za kaa wa maji baridi kutoka kusini mwa Uganda, eneo la Ziwa Viktoria. Moja ni Potamonautes busungwe, nyingine ni Potamonautes kantsyore, jina la kisiwa cha mto Kagera kinachojulikana kwa vigae vya kale, na ya tatu, shikeni viti vyenu, ni Potamonautes entebbe. Mji huu ninamoandikia una kaa wake. Tuna uwanja wa ndege, tuna ikulu, tuna kaa. Mliwahi kumsikia redioni?

Mimi nimemtangaza sana, pengine kupita kiasi, na ndiyo maana mwezi uliopita kijana wa jirani aliniletea kaa katika jerikeni iliyokatwa juu, akiwa bado na matope magotini.

"Mwalimu, nimemtoa chini ya mawe kule Kigungu. Ndiye yule wa jina letu?"

Nilimshika kwa nyuma, mahali ambapo gando halifiki, nikampindua. Chini ya kifua cha kaa kuna kifuniko, ambacho ndicho tumbo lake lililokunjwa. Kwa dume ni chembamba, kimechongoka kama ncha ya mkuki, na ukikiinua unakuta viungo vyake vya uzazi, ambavyo umbo lake ndilo shahidi mkuu katika kuwatenganisha kaa wa maji baridi. Cha huyu kilikuwa kipana, cha mviringo, kimefunika kifua karibu chote. Jike. Nikampa kijana lenzi aone mwenyewe, nikamweleza kwamba hata angekuwa dume, ningehitaji kumlinganisha na sampuli zilizothibitishwa, na kwamba safari ya kwenda kuzitazama ingeanzia ubalozini kuomba viza. Alinitazama kwa namna ambayo watoto humtazama mtu mzima aliyesema uongo.

"Lakini ni wa hapa," alisema.

Ni wa hapa, naam. Na hilo ndilo swali ambalo wale wa vikaragosi kumi na vitatu hawajalifikia. Tunao vijana wanaosomea zuolojia, wengi wao wazuri, ambao huhitimu bila kuambiwa kwamba kuainisha ni kazi ambayo mtu anaweza kulipwa mshahara kwayo, kwa sababu kwetu halipwi. Wanakwenda benki. Mmoja wa waliokuwa na mkono mzuri kuliko sote wa kuchora miguu ya uduvi anauza bima, na ninaambiwa anauza vizuri sana.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba sampuli nyingi zingepotea kama zingebaki hapa. Nimeona kwa macho yangu, katika maabara moja ambayo sitaitaja, kabati zima la chupa ambazo spiriti yake ilikauka, na ndani yake wanyama waliokuwa vumbi la rangi ya majani ya chai, lebo zao zikiwa bado zinasomeka. London haikuacha chupa zake zikauke. Lakini spiriti si teknolojia ya anga za juu. Inauzwa Kampala.

Na kuhusu faida, kwa kuwa lazima tuzungumze faida: miaka mingi wataalamu walitafuta mabuu ya Simulium neavei, nzi anayeeneza usubi, ugonjwa unaopofusha macho, wakapekua mawe na majani ya mito bila kuyapata. Mwaka 1950 ndipo ilipochapishwa, kutokana na kazi iliyofanyika Kenya, kwamba mabuu hayo hukaa juu ya mwili wa kaa wa mtoni. Tangu hapo, katika vita dhidi ya upofu huo, Uganda ikiwemo, watu wamekuwa wakikamata kaa, kuwapindua na kuwakagua. Wamepona wengi ambao hawatajua kamwe kwamba wana deni kwa mtu aliyejua kumtazama kaa.

Jike wa Kigungu nimemhifadhi katika chupa ya jamu, ndani ya spiriti. Lebo nimeiandika kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka, nikaweka mahali, tarehe, "chini ya mawe", na jina la mvulana aliyemkamata. Baada ya neno Potamonautes nimeacha nafasi. Kijana amesema Jumamosi ataleta dume, na nimemwonyesha jinsi ya kulitambua ili asirudi tena na jike.