Semina ya Hotelini au Jicho la Fundi: Kazi Inafundishwaje Tanga?

Ghala nililoanzia ukarani, hapa Tanga mjini, lilikuwa na mizani moja ya kupimia marobota, na kwa miezi kadhaa uzito tuliouandika daftarini ulikuwa haulingani na ule uliopokelewa upande wa pili. Leo kilo tatu, kesho kilo tisa. Bosi akakata shauri kwamba makarani hatujui kazi. Akaletwa mwezeshaji kutoka Dar es Salaam, ukumbi ukakodiwa hotelini siku mbili, tukagawiwa begi, kalamu, maji ya chupa na posho. Kulikuwa na jaribio la mwanzo na jaribio la mwisho. La mwisho tulifaulu wote, tukapigwa picha na vyeti vyetu, mwezeshaji akapanda basi. Si ndio msemo wa mji wenyewe, waja leo waondoka leo? Jumatatu uzito ukakosewa vilevile.

Aliyetegua kitendawili ni mzee mlinzi aliyekuwa akikaa getini. Siku moja alituuliza, "Nyie wanangu, mbona alasiri mnaisoma mizani mmekunja nyuso?" Kioo cha mizani kilielekea magharibi. Ikifika saa tisa jua linakipiga, tarakimu zinafifia, na karani mwenye foleni ya makuli mgongoni anakisia. Kikapigiliwa kipande cha bati juu yake kama kibaraza. Makosa yakaisha karibu yote.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila anayekisikia anakivuta upande wake. Wapo wanaosema: unaona, mafunzo ni kutupa hela, mtu atajulia kazi kazini kwa kutazama wenzake, kama baba zetu walivyojifunza. Wapo wengine, hasa walio kwenye fani yenyewe ya usanifu wa mafunzo, yaani kupanga kazi itafundishwaje, wanaosema: hayo hayakuwa mafunzo, msanifu aliyeiva angekwenda kwanza kusimama ghalani saa tisa alasiri kabla ya kufungua kompyuta yake. Wote wana haki, na wote wana jambo wanaloliruka.

Nianze na hawa wa fani, maana wanasingiziwa sana. Usanifu wa mafunzo ya kazini ulipata nguvu kwenye viwanda vya kuundia meli. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917 ilihitaji meli upesi, na mafundi wa kuziunda hawakutosha. Kumkalisha kijana chini ya fundi kwa miaka haikuwezekana, vita visingesubiri. Charles Allen, mtu wa elimu ya ufundi kutoka Massachusetts, akapewa kazi iliyokuwa ngeni kidogo: kuwachukua mafundi waliokwisha kubobea na kuwafundisha namna ya kufundisha. Hatua zake zilikuwa nne. Mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache aifanye, mpime.

Vita vya Pili vilipokuja, hatua hizo zikafufuliwa. Mwaka 1940 Wamarekani wakaanzisha mpango wa mafunzo ndani ya viwanda uliojulikana kwa herufi TWI, na hadi unafungwa mwaka 1945 ulikuwa umewapitia watu zaidi ya milioni 1.6 kwenye viwanda zaidi ya 16,000. Kozi yenyewe ilikuwa saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili. Baada ya vita ilipelekwa Japani, na Toyota ni miongoni mwa waliojengea juu yake.

Kwenye kozi ile palikuwa na onyesho moja ambalo kila msimamizi alilishuhudia. Mwalimu anamwita mtu mbele ajifunze fundo la kufungia nyaya za umeme. Kwanza anamweleza kwa maneno matupu: waya huu pitisha hapa, ule zungushia pale. Mtu anashindwa. Halafu anamfungia fundo mbele ya macho yake, kimya. Anashindwa tena. Mara ya tatu anamketisha upande mmoja naye, anamwonyesha hatua moja moja, kila hatua anataja pa kuwa mwangalifu na kwa nini, kisha anamkabidhi waya afunge yeye huku akieleza anachofanya. Fundo linafungwa.

Onyesho hilo linatuumbua sote. Kueleza bila kuonyesha ndiyo semina yetu ya hotelini. Kuonyesha bila kueleza ndiyo gereji yetu. Pita gereji yoyote hapa mjini umtazame spanaboi. Fundi kalala chini ya gari, dogo kachuchumaa nje na boksi la spana. "Lete kumi na tatu." Analeta. "Lete kumi na saba." Analeta. Mwaka mzima anachokiona vizuri ni miguu ya fundi.

Hata hivyo mimi siwezi kuidharau njia ya fundi, kwa sababu ndani yake kuna mpango ambao haujaandikwa popote. Mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970 akaona kwamba kijana hafundishwi kushona kwa mpangilio wa kushona. Anaanza na mwisho: vifungo, pindo, kupiga pasi. Kisha anashona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kukata kitambaa kunakuja mwisho. Sababu yake inaonekana ukiifikiria: pindo likiharibika linafumuliwa, kitambaa kikikatwa vibaya ni hasara ya mwenye duka. Na aliyeanza na vifungo amekwisha kuiona nguo nzima ilivyo kabla hajashika mkasi. Msanifu wa mafunzo mwenye digrii angelipwa vizuri kwa kubuni mpangilio kama huo.

Sahare, ufukweni, utauona mpangilio huohuo kwenye kukalafati vyombo, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba. Kijana anaanza kwa kusokota pamba na kuipaka mafuta. Miezi inapita. Kisha anaruhusiwa kuishindilia kwenye maungio ya mbao za juu, karibu na ukingo, ambako maji hufika kwa nadra. Chembeu mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Fundi yuko upande wa pili wa chombo na wala hamtazami, anasikiliza. Pamba ikiwa bado ina nafasi, pigo linatoka zito, bubu. Ikishajaa, linalia kavu. "Hapo bado," anasema bila kugeuka, na kijana anarudia palepale. Sijui slaidi gani ingeweza kuubeba mlio ule.

Lakini nikikaa pale muda mrefu naona na yale tusiyopenda kuyasema. Kijana yule anajua mlio, hajui sababu. Ukimuuliza kwa nini pamba isizidi, anakwambia ndivyo fundi alivyosema. Kwenye mashua hilo linastahimilika. Kwenye mtungi wa gesi au waya wenye umeme, kutojua sababu kunaua mtu. Tena miezi ya kuchota maji na kununua chai ya fundi haimfundishi kitu, ni kazi ya bure iliyopewa jina la mafunzo. Na binti? Binti anaweza kujaza fomu akaingia chuo cha ufundi stadi cha VETA akasomea uchomeleaji. Kwenda kukaa chini ya jahazi akasokote pamba, hiyo sijaiona mpaka leo.

Nao upande wa pili una doa lake, na Tanga ni mahali pazuri pa kulikumbuka. Mkonge uliletwa pwani yetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yaliyofuata yaliendeshwa kwa manamba, watu waliotolewa mbali na kupewa namba badala ya majina, na kipande cha kujazia siku 30 za kazi. Huyu alikuwa wa kukata, yule wa korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, yule wa kuanika, yule wa brashi. Kazi iliyokatwakatwa namna hiyo inafundishika kwa siku chache, ndiyo raha yake kwa mwenye shamba. Anayefundishika kwa siku chache anaachishwa kwa siku moja pia. Wanaohubiri kuvunjavunja kazi katika hatua, na mimi nimo, inafaa wajue kwamba unapofupisha muda wa kujifunza unaweza kuwa unapunguza na bei ya anayejifunza. Fundi jahazi anajua chombo kizima kuanzia mkuku, na ndiyo maana mwenye chombo humbembeleza.

Kwenye hela maneno ni mengi. Sheria ya 1994 iliyounda VETA iliwataka waajiri wachangie kupitia tozo ya kuendeleza ujuzi, na tozo hiyo, ambayo zamani ilifika asilimia 6 ya mishahara, ilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Waajiri wanalalamika kwamba wanalipa tozo kisha wanalipa tena kufundisha wenyewe. Vyuo vinajibu kwamba mwajiri hataki kupokea wanafunzi wa uanagenzi mashineni kwake, anataka aletewe mtu aliyeiva. Nimewasikia wa pande zote wakisema hivyo kwenye chai moja. Wote walikuwa wakisema kweli.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tumechukua ganda la fani tukaacha kiini. Wataalamu wa mafunzo Robert Mager na Peter Pipe walipendekeza mwaka 1970 swali moja la kuulizwa kabla ya kumfundisha mtu yeyote: je, angeweza kuifanya kazi hii kama uhai wake ungeitegemea? Kama angeweza, basi shida si ujuzi, katafute kwingine. Sisi makarani tungeweza. Jua ndilo lililotushinda. Swali hilo halina gharama, na sijawahi kuliona kwenye ratiba ya semina. Donald Kirkpatrick, mtaalamu mwingine wa mafunzo, naye alieleza kuanzia mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe ngazi nne: washiriki wameyapenda, wamejifunza, wamebadilika wakirudi kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Fomu tunazojaza saa kumi jioni siku ya pili zinaishia ngazi ya kwanza, na ukweli ni kwamba tunapima pilau.

Halafu kuna ile slaidi. Mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia, mpaka asilimia 90 ya anachotenda. Nimeonyeshwa mara tatu na wawezeshaji watatu, huku wakitaja kama chanzo mchoro wa pia (koni) wa mwalimu Mmarekani Edgar Dale. Dale alichora koni yake mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Namba zilibandikwa na watu wengine baadaye. Fundi Sahare hajawahi kunitajia asilimia yoyote.

Nikilazimika kuegemea, naegemea kwenye usanifu, na bandari yetu ndiyo iliyonisukuma. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi ufukweni. Makuli wa Tanga walijua kuisoma kamba na wimbi, na walirithishana hivyohivyo, kwa jicho. Kisha bandari ikachimbwa hadi kina cha mita 13 hivi, mradi wa shilingi bilioni 429, na meli sasa zinafunga gatini. Kwa kazi mpya kama hiyo, utamtazama nani? Mzee wa matishari hana la kukuonyesha kuhusu kreni ambayo hata yeye ameikuta juzi. Pasipo na fundi, lazima mtu akae chini aivunje kazi, aandike hatua, aseme wapi pana hatari. Ni hali ileile ya Allen mwaka 1917.

Lakini nasema usanifu wa Allen, siyo wa hotelini. Alimfuata fundi mwenyewe akamfundisha kueleza. Fedha za kuwalaza watu 40 hotelini siku mbili zingetosha kukaa na fundi wawili wa gereji kwa mwezi, ukiwauliza kila hatua, "Hapa kwa nini?", mpaka wenyewe wazoee kuisema sababu mbele ya kijana. Siku hizi fundi wa mtaani anaweza kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi alioupata nje ya chuo, jambo zuri. Cheti kile kinathibitisha anachojua kufanya. Kukifundisha ni ujuzi mwingine kabisa.

Niliwahi kumpelekea wazo hili fundi wa Sahare. Nikamwambia tuandike hatua, tuseme na sababu, kijana aive ndani ya miezi sita. Akacheka. "Bwana mdogo, akishaiva miezi sita, wa saba ataweka kijiwe chake hapo pembeni yangu. Sababu zangu utanilipa wewe?" Sikuwa na jibu, na kusema kweli mpango wowote wa mafunzo niliowahi kuusoma hauna ukurasa wa swali hilo.

Mwezi uliopita nilipita tena. Kijana alikuwa mwaka wa tatu, bado kwenye maungio ya juu. Ya chini ya maji alikuwa akiyapiga fundi mwenyewe, amechuchumaa mchangani, mgongo ameuelekeza kwa kijana.