Mama yangu hajawahi kuliona faili la kiwanja chake

Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi hapa Lincoln, Nebraska, kwa jambo dogo la uzio. Jirani yangu anataka kujenga uzio mpya, na hatukuelewana kama ule mti mkubwa wa nyuma uko kwake au kwangu. Nilijiandaa kama mtu aliyelelewa Tanzania anavyojiandaa: nakala nne za kila karatasi, kitambulisho, picha ndogo, na ruhusa ya siku nzima kazini.

Mama mmoja wa makamo akaniuliza anwani. Akaandika, kisha akaigeuza skrini ikanielekea mimi. Akauliza kama nataka ya sasa tu au zote tangu mwanzo. Nikasema zote. Tukaanza kurudi nyuma hati moja baada ya nyingine: mimi, aliyeniuzia, mjane aliyemuuzia huyo, kampuni iliyokata viwanja, mkulima na mwanawe, mpaka tukafika mwaka 1871. Hapo palikuwa na fomu ya kuchapwa, nafasi zake zimejazwa kwa mkono wa mwandiko wa kulala, na chini jina la Rais Ulysses S. Grant lililoandikwa na katibu wake. Serikali inampa mtu mmoja ekari 160. Ndani ya ekari hizo leo kuna mitaa, shule ya msingi, na jiko langu. Nikatazama saa: dakika 12. Nikauliza nalipia wapi. Akasema kuangalia ni bure, nakala tu ndizo zinazolipiwa.

Nilirudi kwenye gari nikashindwa kuliwasha.

Kesi ya mama ya kiwanja imeingia mwaka wa 11. Sitawasimulia, maana kila anayesoma hapa ana yake au ya shangazi yake. Bikoni mnazijua zinavyohama usiku. Muuzaji aliyeuza mara mbili mnamjua, na yule bosi mwenye faili ambaye yuko semina mnamjua pia. Mama anaijua namba ya faili lake kwa kichwa kama anavyojua namba yangu ya simu, lakini faili lenyewe hajawahi kulitia machoni. Kila mara linafunguliwa upande wa pili wa kaunta, mtu analitazama, anakunja uso, analifunga. "Mama, njoo Alhamisi."

Nilipoandika haya kwa kifupi kwenye kundi la ukoo, majibu yalikuja haraka. Kwamba nimekaa huku miaka tisa tu na tayari nimewasahau. Kwamba Wamarekani wana miaka mia mbili na zaidi ya kujipanga, sisi tumepata uhuru juzi. Binamu yangu mmoja, ambaye namheshimu kwa sababu anasoma, aliandika sentensi moja iliyoniuma kuliko zote: "Kaka, unasifia daftari la wezi."

Nataka kumjibu yeye hasa, tena kwa heshima.

Binamu, wizi huo wa ardhi ya wenyeji naujua. Ninaishi juu yake. Mwezi Aprili niliwapeleka watoto kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya walowezi karibu na mji wa Beatrice, mwendo wa saa moja hivi kusini mwa hapa. Pale ndipo Daniel Freeman alipochukua shamba lake, akiwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kujiandikisha tarehe 1 Januari 1863, siku ilipoanza kutumika sheria ya Homestead, ile ya kuwagawia walowezi ardhi ya serikali. Sheria yenyewe Rais Abraham Lincoln aliisaini tarehe 20 Mei 1862. Ukiwa na miaka 21 au wewe ni mkuu wa kaya, na hujawahi kubeba silaha dhidi ya Marekani, unalipa ada ya jumla ya dola 18, unachagua ekari 160, unajenga, unalima, unakaa miaka mitano. Wanawake wasio na waume waliruhusiwa. Wahamiaji waliotangaza nia ya kuwa raia waliruhusiwa. Watu weusi waliotoka utumwani nao baadaye wakaingia. Nicodemus kule Kansas, mji walioanzisha mwaka 1877, upo mpaka leo. Karibu asilimia 45 ya ardhi yote ya Nebraska iligawiwa kwa sheria hii.

Mzee mmoja mgeni pale, mwenye kofia ya jeshi, aliniambia kwa upole kabisa kwamba babu wa babu yake aliikuta nchi hii tupu. Niliheshimu mvi zake nikanyamaza, na kunyamaza kule kumenisumbua tangu siku hiyo. Haikuwa tupu. Pale tuliposimama palikuwa kwa Waotoe na Wamissouria. Kaskazini kulikuwa na Waomaha na Waponca, magharibi Wapawnee, na mbele zaidi Walakota. Shuleni tulifundishwa kuwaita wote Wahindi Wekundu, kana kwamba walikuwa ukoo mmoja.

Lakini naomba uangalie jinsi walowezi walivyofanya kazi, maana hoja ya miaka mia mbili inaanguka hapa. Mwaka 1862 Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndugu wanauana kwa maelfu. Hawakuwa na kompyuta. Hawakuwa na umeme. Walikuwa na mnyororo wa chuma wa futi 66. Mapigo 80 ya mnyororo huo ni maili moja. Kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1785, wapima ardhi waliukata upande wa magharibi vipande vya maili sita kwa sita, kila kimoja kikagawanywa sehemu 36 zenye namba, kila sehemu ekari 640, na sehemu namba 16 ikatengwa kwa ajili ya shule. Ukitoka Lincoln ukaendesha gari kuelekea magharibi utaona barabara za vumbi zimenyooka, zinakatana kila maili. Unatembea ndani ya daftari lao.

Na jambo lililonishika zaidi pale Beatrice ni hili: baada ya miaka mitano, mlowezi hakupewa hati mpaka alete majirani wawili waape kwamba kweli alikaa na kulima. Majirani wawili! Hicho si kitu cha kizungu. Hivyo ndivyo babu zetu walivyofanya mlimani Meru siku zote: unapanda masale mpakani, wazee wa pande zote mbili wanaona, na atakayeyang'oa atajibu mbele ya ukoo. Ushahidi tulikuwa nao. Wenzetu walipomaliza kuapa, kiapo kiliandikwa, kikapewa namba, kikawekwa mahali ambapo mimi, mtoto wa Meru, ningekikuta baada ya miaka 150 bila kumjua mtu ofisini.

Wala haikuwa safi. Watu wapatao milioni 4 waliomba, kama milioni 1.6 tu ndio waliopata hati. Nzige wa mwaka 1874 walikula mazao Nebraska na Kansas mpaka watu wakarudi walikotoka. Wadanganyifu walitumia majina ya watu wengine, wengine waliapa juu ya nyumba ambazo hazikuwepo. Na serikali yenyewe ilifanya kosa ambalo mama yangu, nilipomsimulia kwenye simu, alinyamaza muda mrefu kabla ya kusema neno.

Kosa hilo ni la Waponca. Walikuwa taifa dogo la wakulima wa mahindi kwenye Mto Niobrara, kaskazini mwa Nebraska. Mwaka 1858 waliachia serikali sehemu kubwa ya nchi yao, wakahakikishiwa kipande cha kubaki nacho, na mkataba wa 1865 ukakithibitisha. Mwaka 1868 serikali hiyohiyo ikakaa na Walakota kule Fort Laramie, ikawapa nchi kubwa, na ndani yake ikaweka kipande kilekile cha Waponca. Hakuna aliyewauliza. Kiwanja kimoja, hati mbili, mgawaji mmoja. Mnaujua wimbo huo.

Na suluhisho mnalijua pia: aliyehamishwa ni mnyonge. Mwaka 1877 Waponca walisukumwa mpaka Oklahoma ya leo, ambako malaria iliwaua wengi. Mmoja wa wazee wao, Standing Bear, yaani Dubu Aliyesimama, alimpoteza mwanawe, na kijana alikuwa ameomba azikwe nyumbani Niobrara. Januari 1879, katikati ya baridi ambayo nimeishi nayo na siwezi kuwaelezea, mzee aliubeba mwili wa mwanawe akatembea kaskazini na watu kama 30. Walikamatwa wakiwa tayari Nebraska. Wanasheria wawili wa Omaha wakajitolea kumtetea, na swali mbele ya Jaji Elmer Dundy likawa kama mwenyeji wa nchi hii ni mtu mbele ya sheria. Mzee alinyoosha mkono akasema kwamba rangi yake si ya mikono yao, lakini ukichomwa utauma, na damu itakayotoka ni ya rangi ileile. Tarehe 12 Mei 1879 jaji akaamua: ni mtu, aachiwe.

Binamu, hapo ndipo ninapokujibu. Aibu ile ilikuwa na uthibitisho. Mikataba yote ilikuwa imechapishwa. Mwandishi wa gazeti wa Omaha, Thomas Tibbles, na mtu mwingine yeyote anayejua kusoma, angeweza kuuweka wa 1858 na wa 1868 mezani pamoja na kuonyesha kwa kidole. Serikali haikuweza kusema faili limepotea.

Najua utakachosema, maana ningekuwa wewe ningekisema: karatasi ndiyo iliyowamaliza. Ni kweli, na sitaki kuikwepa. Mwaka 1887 ilipitishwa Sheria ya Dawes, ardhi ya pamoja ya mataifa hayo ikakatwa kuwa mashamba ya mtu mmojammoja, iliyobaki ikauzwa kwa wageni. Walikuwa na ekari milioni 138. Ilipofika 1934 zimebaki milioni 48. Zilikwenda kwa wino na muhuri, bila risasi. Nikisikia mtu nyumbani anasema kila kipande kikipata hati basi shida zimekwisha, nakumbuka namba hizo mbili mwili unasisimka.

Na sisi Wameru hatuhitaji kufundishwa na Waponca. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wetu kama 3,000 Engare Nanyuki ili wapate nafasi wafugaji wa kizungu. Bibi mzaa mama alikuwa binti mdogo. Mpaka anafariki alikuwa anaweza kusimama barabarani na kuonyesha kwa fimbo lilipokuwa zizi lao. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kwenda kulisema hilo mbele ya dunia. Ardhi hakurudi nayo, lakini maneno yake yaliandikwa na yanasomeka. Ninapofikiri juu ya Standing Bear namwona Kirilo, na najivunia kutoka mlima mmoja naye.

Kwa hiyo usiniambie nimewasahau. Nyumbani bado kuna kitu ambacho hakipo huku. Mtaa wangu wa Lincoln hakuna hata mmoja anayejua nani alilima pale kabla ya 1871. Mama yangu anaweza kukutajia kizazi cha nne cha kila shamba kati ya kwake na mtoni, nani aliuza kwa shida ya mgonjwa na nani alidhulumiwa na kaka yake. Kumbukumbu hiyo ni utajiri. Kinachonikasirisha, tena kinanikasirisha mpaka nakosa usingizi, ni kwamba mwenye kumbukumbu hiyo anaambiwa akae kwenye benchi, halafu kijana ambaye hakuwepo analishika faili na kumwambia halisemi hivyo, bila kumwonyesha linasemaje.

Sisemi tuige sheria ya 1862. Mungu atuepushe, maana sisi ndio tungekuwa Waponca. Nataka skrini igeuzwe. Nataka mama aone kwa macho yake jina lililoandikwa pale, tarehe, na mkono wa aliyeliandika. Kama ni lake, alione. Kama limefutwa, alione lilivyofutwa.

Nilipomaliza kumsimulia, mama aliuliza swali moja tu: "Na yule kijana, walimzika?"

Nikamwambia ndiyo, Niobrara, kama alivyoomba, na sehemu ya watu wake wakabaki pale. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1962 serikali ilipitisha sheria ya kulifuta taifa lao kwenye vitabu, na mwaka 1990 ikalirudisha. Akasema, "Miaka mingi hiyo, mwanangu." Kisha akaniambia kesi yake itatajwa tena Jumanne, saa tatu asubuhi. Huku itakuwa saa saba usiku. Nimemwambia asizime simu akiwa kwenye foleni, nitakuwa macho.